Mambéty aliisikia sinema kabla ya kuiona

Kila anapotajwa Djibril Diop Mambéty, hakosekani mtu wa kudai kwamba mwongozaji huyo wa filamu wa Senegal aliuchukua mtindo wake kwa mwongozaji Godard na wenzake wa Ufaransa. Sikubaliani na dai hilo. Mambéty, aliyezaliwa mwaka 1945 Colobane, jijini Dakar, hakusomea filamu katika chuo chochote. Alitokea kwenye uigizaji wa jukwaani. Mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba utotoni, kwa kukosa kiingilio, yeye na wenzake walikuwa wakikaa nje ya sinema ya mtaani na kusikiliza filamu za kauboi na za Kihindi, na kwamba huenda ndiyo maana sauti ina uzito mkubwa katika kazi zake.

Tuitazame "Touki Bouki" ya mwaka 1973, inayowahusu Mory na Anta, vijana wanaotafuta nauli ya kwenda Paris kwa hila na wizi. Filamu inaanza kwa mtoto aliyepanda ng'ombe, filimbi ikipigwa taratibu, kisha tunaingizwa machinjioni bila kuonywa. Mtoto anaporejea peke yake, muungurumo wa pikipiki unaanza kusikika hata kabla hatujaiona pikipiki yenyewe, ile yenye pembe za ng'ombe mbele ya usukani. Wimbo wa mwimbaji Josephine Baker wa kuisifu Paris nao unarudiwa tena na tena, mpaka ile ahadi ya maisha mazuri inageuka kuwa kero. Huo si uhariri wa kuigwa kwa mtu, bali ni kazi ya aliyezoea kuifuata hadithi kwa masikio na kujijengea picha mwenyewe.

Sisemi kwamba hakuazima kitu Ulaya. "Hyènes" ya mwaka 1992 imetokana na tamthilia ya Dürrenmatt wa Uswisi, lakini aliihamishia Colobane na kuifanya iwaseme watu wa kwao.

Baadaye akageukia filamu fupi: "Le Franc" ya mwaka 1994, ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamuziki aliyenyang'anywa ala yake kwa sababu ya deni la kodi ya nyumba, na ile ya binti muuza magazeti anayetembea kwa magongo, iliyotoka mwaka 1999, baada ya mwongozaji kufariki mwaka 1998. Kwangu mimi, hizo mbili ndizo kazi zake zilizokomaa kuliko zote, na inanisikitisha kwamba wengi wanaomsifu huishia kwenye "Touki Bouki".