Mwandaeni Mwalimu Kabla ya Kufungua Maboksi ya Kompyuta

Nilifundisha Tukuyu, Tanzania, kabla ya kuja huku, na sasa niko kwenye sekondari moja kaskazini mwa England. Nikiongea na walimu wenzangu wa Rungwe na Mafinga, habari ya kwanza huwa ni mashine: shule fulani imeletewa kompyuta, nyingine imeahidiwa, nyingine zimefika ila umeme haujavutwa. Nawaelewa kabisa, maana nimefundisha kwa chaki peke yake. Lakini kwa nilichokiona huku, sioni kama idadi ya mashine ndiyo ya kutangulia. Nani anamwandaa mwalimu atakayefundisha kwa mashine hizo?

Wenzetu hawa walibadili mtaala Septemba 2014. Somo la TEHAMA, la kuandika nyaraka, kuchora majedwali na kutengeneza tovuti ndogo, likaondolewa na mahali pake ikaingia sayansi ya kompyuta yenyewe, pamoja na kuandika programu. Walimu wengi walioachiwa somo hilo hawakuwahi kuandika programu hata moja. Serikali ikaja kuanzisha kituo cha taifa cha kuwaandaa mwaka 2018, kwa zaidi ya pauni milioni 80, miaka minne nzima baada ya mtaala kuanza. Kwenye mtihani wa TEHAMA wa GCSE, ule wanaoufanya huku wakiwa na miaka kama 16, wasichana walikuwa wanakaribia wawili katika kila watahiniwa watano. Mtihani ule ulifutwa. Kwenye huu wa sayansi ya kompyuta ni kama mmoja katika watano, na hadi leo haujapona.

Sababu ziko nyingi, ila moja naiona kwa macho yangu kila wiki. Mwalimu asiyejiamini humkimbilia mwanafunzi anayejua tayari, na anayejua tayari mara nyingi ni mvulana mwenye kompyuta kwao. Yeye ndiye anayejibu, ndiye anayeitwa mbele, ndiye anayemnyang'anya jirani yake mausi ili "amsaidie". Hakuna aliyemfukuza msichana. Ameketi tu, anaangalia mgongo wa mwenzake mpaka kipindi kinaisha, na ukifika wakati wa kuchagua masomo anachagua lingine.

Sisi mtaala wetu mpya umeanza Januari 2024. Tuko palepale walipokuwa wao 2014, na bado tuna nafasi ya kutoanguka walipoanguka.

Mafunzo ninayoyasema hayahitaji fedha za ajabu. Mwalimu anafundishwa kugawa kazi pale wanafunzi wanapochangia mashine: mmoja anashika kibodi, mwenzake anamwongoza kwa mdomo tu, na baada ya dakika chache wanabadilishana kwa amri ya mwalimu, si kwa hiari yao. Anafundishwa pia njia ambayo mtafiti Sue Sentance na wenzake waliipa jina PRIMM. Darasa linapewa programu iliyokwisha kuandikwa, kila mmoja anabashiri itafanya nini, ndipo inaendeshwa, inachunguzwa, inarekebishwa, na mwisho wanaunda ya kwao. Ile hatua ya kubashiri ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Aliyezoea kompyuta na ambaye hajawahi kuigusa wote wanakisia, na wote wanaweza kukosea bila aibu.

Na kuna mambo ambayo nyumbani tutayafanya vizuri kuliko huku. Watoto wetu wamezoea kazi za vikundi. Umeme ukikatika na mvua ya Rungwe, mwalimu aliyepitia mazoezi ya CS Unplugged, ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta, ya mtafiti Tim Bell wa New Zealand, anachora mistari kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi, watoto wanatembea juu yake wakiwa wameshika namba, wanazilinganisha kila wanapokutana, na wanatoka wakiwa wamejipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Wamejifunza algorithimu, yaani hatua za kufuata kutatua tatizo, na hapakuwa na mausi ya kunyang'anyana.

Lugha nayo inawaacha wengi nyuma. Mtoto amesoma kwa Kiswahili mpaka la saba, halafu Kidato cha Kwanza anakutana na Kiingereza na kompyuta kwa pamoja. Mwalimu aambiwe waziwazi chuoni kwamba kulifafanua wazo kwa Kiswahili si kosa. Scratch, programu ya kuwafundishia watoto kuandika programu, ina Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. NVDA, programu ya bure inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, inaweza kutumia sauti ya Kiswahili. Njombe kuna sekondari ya wanafunzi viziwi, na wengine kama wao wamo katika shule za kawaida. Mwalimu anayeongea huku amegeukia ukuta wenye picha ya projekta amewapoteza dakika ileile.

Walezi wa kazi hii wapo hapohapo. Iringa kuna chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Mkwawa na chuo cha ualimu cha Kleruu, Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, Rungwe kuna vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso, na walimu walioko kazini wana vikao vyao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Ombi langu kwa wakufunzi ni dogo. Mwanachuo anapokwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, msimamizi anayekaa nyuma ya darasa na andalio la somo mkononi ahesabu pia wasichana wangapi wameshika kibodi katika kipindi kile, na wangapi wameulizwa swali kwa jina. Hesabu hiyo iingie kwenye alama zake.