Uchochezi ni uchochezi, jukwaani au mimbarini

Nchini Kenya huulizwa kwa nini wahubiri wenye itikadi kali hufungwa na wanasiasa wachochezi huponyoka. Tuanze na shtaka lenyewe. Anayehimiza ugaidi hukabiliwa na Sheria ya Kuzuia Ugaidi: kifungo kirefu jela. Mwanasiasa anayeita kabila jingine madoadoa, yaani wageni wasiotakiwa eneo hilo, hushtakiwa chini ya kifungu 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008: kifungo kisichozidi miaka 3, faini isiyozidi shilingi milioni 1, au vyote viwili, na faini hiyo kwake ni pesa ndogo mno!

Halafu ushahidi. Video bila cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa, inaweza kukataliwa mahakamani. Hotuba ya lugha ya mama inahitaji mtafsiri atakayesimama kizimbani kuhojiwa. Aliyerekodi atafutwe siku hiyo hiyo, kabla hajatishwa au kuhongwa.