Thomas Sowell na takwimu za miwa

Mwaka 1960 kijana mmoja Mmarekani Mweusi, mfuasi wa Karl Marx, alipata kazi ya muda katika Wizara ya Kazi mjini Washington. Akakabidhiwa suala la sukari ya Puerto Rico. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kikipandishwa kila baada ya muda, na watu walioajiriwa kwenye sukari walikuwa wakipungua. Wengine walisema waajiri wameshindwa na mishahara, ndiyo maana wanapunguza watu. Wengine walisema hapana, vimbunga vimeharibu miwa na kazi imekosekana. Kijana yule aliwaza kwa muda mrefu, kisha akaja na njia ya kumaliza ubishi: zitafutwe takwimu za miwa iliyokuwa imesimama shambani kabla ya kimbunga kupiga.

Wakubwa zake hawakumpongeza. Walishtuka, kwa sababu kusimamia sheria ile ya mishahara ndiko kulikowapa wengi wao kazi, na jibu lingeweza kuwa baya kwao. Kijana huyo ndiye Thomas Sowell, aliyekuja kuwa mchumi na mwandishi mashuhuri, na amesimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoanza kuuacha Umarx. Alikuwa amekwisha kusoma kwa Milton Friedman, mchumi mtetezi wa soko huria, pale Chuo Kikuu cha Chicago, na darasa la Friedman halikumbadilisha. Wizara ndiyo iliyombadilisha.

Naanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi sentensi fupi fupi za Sowell zinazunguka kwenye X na makundi ya WhatsApp ya vijana wetu, wanaozitumia kama rungu la kumpiga mwenzao kwenye mjadala. Inaniuma. Mtu aliyejenga jina lake kwa kudai takwimu za miwa ananukuliwa na watu wasiodai takwimu yoyote.

Alizaliwa mwaka 1930 Gastonia, North Carolina. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, akalelewa na shangazi wa mzazi wake, na akiwa bado mtoto familia ikahamia Harlem, New York. Aliacha sekondari, akafanya vibarua, akaingizwa jeshini wakati wa vita vya Korea na kuwa mpiga picha wa wanamaji. Harvard alimaliza mwaka 1958, na shahada ya uzamivu akaipata Chicago mwaka 1968. Tangu 1980 amekuwa Taasisi ya Hoover, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa miongo mitatu hivi safu yake ilisambazwa kwenye magazeti ya Marekani, mpaka Desemba 2016 alipoaga akiwa na miaka 86. Katika safu ile ya mwisho alieleza kwamba alikwenda mbuga ya Yosemite kupiga picha na rafiki zake, akakaa siku nne bila gazeti wala taarifa ya habari, na akaona raha.

Silaha yake kubwa kama mwandishi ilikuwa swali moja aliloulizwa na mwalimu wake wa Harvard, Arthur Smithies: halafu itatokea nini? Kodi za nyumba zimewekewa kikomo, vizuri, wapangaji wamefurahi. Halafu? Mwenye nyumba haoni sababu ya kukarabati, mjenzi haoni sababu ya kujenga, na anayekuja mjini baadaye hapati chumba. Kwa Sowell serikali haina suluhisho lisilo na gharama; kila uamuzi unampa mmoja na kumnyima mwingine, na kazi ya mwandishi ni kumtafuta yule aliyenyimwa. Unaweza kukataa matokeo ya hesabu yake. Hoja kwamba hesabu lazima ifanywe sioni namna ya kuikataa.

Swali hilo alilipeleka hata kwenye mipango ya upendeleo maalumu kwa makundi yaliyobaguliwa. Kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu jambo hili hakiishii Marekani. Kinakwenda India, Malaysia, Sri Lanka na Nigeria, na kinachorudi tena na tena ni kwamba faida huwaangukia zaidi wale ambao tayari wana nafuu ndani ya kundi lililolengwa. Hapa kwetu tunapaswa kulichukua kwa uzito. Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 za kujiunga na chuo mwaka 1990. Mimi naunga mkono alama zile. Lakini ni haki kabisa kuuliza ni wasichana wa shule zipi walionufaika zaidi, wa shule za bweni za jirani na Kampala au wa Karamoja. Tanzania nayo ina wabunge wa viti maalumu, na tukibishana kuhusu viti hivyo huwa tunahesabu idadi tu. Ni mara chache tunauliza mwanamke wa kijijini asiye na jamaa ndani ya chama aliwahi kufikia wapi.

Ninapoachana naye ni kwenye visababishi. Sowell aliandika kwa mapenzi makubwa kuhusu shule ya Dunbar mjini Washington, sekondari ya Weusi iliyoanzishwa mwaka 1870. Mwaka 1899 wanafunzi wake waliwashinda kwa alama wanafunzi wa shule mbili kati ya tatu za Wazungu mjini humo. Humo walipita Charles Drew, daktari aliyefungua njia ya kuhifadhi damu, na Edward Brooke aliyekuja kuwa seneta. Majengo hayakuwa ya fahari na madarasa yalijaa. Kwa Sowell huu ni ushahidi kwamba nidhamu, matarajio makubwa na uongozi mzuri vinaweza kuzaa ubora bila kungoja ubaguzi uishe. Ni kweli, na mwalimu yeyote wa shule ya kata atafarijika. Lakini miongoni mwa walimu wa Dunbar walikuwemo watu wenye shahada za vyuo vikubwa, wengine hata za uzamivu, na vyuo vya Wazungu havikuwaajiri kwa sababu ya rangi yao. Ubaguzi uliwafungia watu hao milango yote, wakabaki kwenye darasa la sekondari. Kuisifu Dunbar bila kulitilia mkazo hilo ni kusimulia nusu ya kisa.

Na kuna siku alikiacha kipimo chake kabisa. Mwaka 2010, baada ya mafuta kumwagika Ghuba ya Mexico, Barack Obama aliibana kampuni ya BP itenge dola bilioni 20 za kuwafidia waathirika. Sowell akaandika safu iliyomwingiza Hitler kwenye mjadala huo. Takwimu hazikuwepo, ilikuwepo hasira tu. Kwa mtu wa kiwango chake ilinisikitisha, na sioni sababu ya wanaompenda kuificha.

Sehemu inayotugusa zaidi sisi ni maandishi yake kuhusu jamii za wafanyabiashara wahamiaji: Wayahudi Ulaya, Wachina Asia ya Kusini Mashariki, Walebanoni Afrika Magharibi, Wahindi Afrika Mashariki. Anasema watu hawa huchukiwa kwa kufanya kazi ambayo wengine hawaioni kuwa kazi, na wakifukuzwa uchumi huporomoka. Uganda ilimpa ushahidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na miaka iliyofuata viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadidimia, mpaka wenyewe walipoitwa warudi. Kuhusu kilichofuata Sowell yuko sahihi, na udhalimu waliofanyiwa familia zile hauna utetezi.

Kuhusu kilichotangulia, hoja yake haina uzito inaostahili. Chini ya ukoloni uchambuaji wa pamba ya Uganda ulikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu kwa leseni za serikali, na Kenya na Tanganyika kulikuwa na sheria zilizobana Mwafrika kukopeshwa. Yaliyotokea Buganda mwaka 1949 yanaeleza mengi. Wakulima walioinuka mwaka ule walidai wachambue pamba yao wenyewe na waiuze nje bila serikali kuwapangia bei. Walikuwa wanadai soko huria, kitu kilekile ambacho Sowell amekitetea maisha yake yote, na serikali ya kikoloni ikawajibu kwa risasi na jela.