Kitanda cha leza nacho kinataka chaga tu

Sega ya leza yangu niliimaliza mwenyewe kwa mikono yangu, na sijui niseme niliiharibu ama niliipika. Kwa wenye hawajaona, sega ni ile wavu ya alumini yenye vishimo vishimo kama nyumba ya nyuki, inakaa ndani ya mashine ya leza, ile inayokata mbao na plastiki kwa mwale wa mwanga, kushikilia kitu unachokata. Sasa ukikata MDF, zile mbao za unga wa mbao na gundi, kila siku ile gundi ya ndani inageuka moshi, moshi unaganda kwa vile vishimo unakuwa kama lami, na yangu ilikuwa imefika mahali hewa haipiti kabisa. Mama hutengeneza sabuni ya kipande hapa nyumbani Manyatta, Kisumu, kwa hivyo kostiki soda haikosi, nikajiambia si hii ndio watu hutoa nayo mafuta ya oveni. Nikachukua beseni, maji, vijiko kadhaa, nikatumbukiza sega nikaenda kuoga.

Kurudi napata beseni inachemka bila moto. Povu juu, mvuke, maji meusi, na mama amesimama mlangoni ananiuliza napika nini. Kostiki soda inakula alumini, mtu yeyote aliyesikiliza somo la kemia Form Two angeniambia, na ile gesi inayotoka ni haidrojeni, hiyo inashika moto, na jiko la makaa lilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Tulilizima mbio. Sega kuitoa, kuta zake ambazo hata zikiwa mpya ni nyembamba kama karatasi ya sigara zilikuwa zinavunjika kwa vidole.

Basi, nina oda za keki topa, yale mapambo ya kuchomeka juu ya keki, nina vibao vya milango ya ofisi ya mtu mmoja huko Milimani, na sega mpya ni kuagiza China na kungoja meli. Ndio nikaanza kuhangaika, na huko kuhangaika ndiko kumenipa maoni ambayo najua wenzangu wa leza hawatapenda: hiyo sega tunayoiogopa kama kioo cha sebuleni hatuihitaji vile tunadhani. Kitanda cha leza kinataka chaga tu. Zile zile za kitanda cha kulala, vipande vinavyoshika godoro, chaga moja ikivunjika unaenda kwa fundi unawekewa nyingine, hakuna mtu anatupa kitanda.

Si eti nilifika hapo moja kwa moja. Kwanza nilinunua wavu ya kuku, ikabonyea katikati kama machela. Nikajaribu wavu ya kuchomea nyama, hiyo haibonyei lakini vyuma vyake ni vya mviringo na vinang'aa, miale ikipita paspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo, inagonga chuma inarudi juu, unapata madoa ya kuungua upande wa chini kila mahali chuma ilipita. Nikapigilia misumari kwa ubao, kichwa chini ncha juu, na hiyo nitasema ukweli inashika vizuri sana kwa sababu inagusa kidogo, ila nilikuwa nimehesabu misumari karibu mia nne kwa kitanda cha milimita 600 kwa 400 na nikachoka katikati, halafu ule ubao wenyewe wa chini unaziba moshi na unaweza kushika moto. Nikaacha.

Lakini misumari ndiyo ilinifungua akili. Kitu kinachoshikilia kazi yako kinafaa kuigusa kidogo iwezekanavyo, kiwe na nafasi kubwa chini ili feni ivute moshi, na kiwe na urefu mmoja kila mahali. Hayo tu. Sega inafanya la kwanza na la tatu vizuri, la pili inafanya ikiwa mpya, ikishajaa lami inakuwa sahani.

Nikaenda Kibuye kwa fundi mmoja mzee wa mageti. Alitaka kunipa vipande vya mabati ya rangi vilivyobaki kwa paa ya mtu, bei ya kutupa, nikamwambia hapana jaduong', mzee wangu, hiyo rangi itaungua ninuse mimi, na mabati ya geji 30 ni laini itapinda nikiweka tu kidole. Akaniangalia. "Nyathina, mwanangu, unataka kuchoma chuma ama unataka kuchoma keki?" Mwishowe tukaokota mabaki ya pleti nyeusi geji 18, ile ya kutengenezea milango, unene kama milimita 1.2. Akaikata vipande vya upana wa milimita 30, nikasimamisha kwa ubavu, ukingo mwembamba ndio unaangalia juu. Fremu ni angle line, kile chuma cha pembe, ya inchi moja na nusu, na kwa hiyo fremu akapasua nafasi kila baada ya milimita 40 kwa grainda. Hapa ndipo raha ilipo, kwa sababu diski ya kukatia ya milimita moja ikipita inaacha mpasuo mkubwa kidogo kuliko yenyewe, kwa hivyo pleti geji 18 inaingia hapo kama imepimwa. Hakuna kuchomelea chaga hata moja. Zinakaa tu, unachomoa kwa mkono.

Mimi nikaongeza ujanja wangu. Ukipanga chaga zinyooke sawa na ukingo wa mashine, siku moja mstari wako wa kukata utaangukia juu ya chaga kutoka mwanzo hadi mwisho, na huo upande wote wa kazi utaungua chini. Kwa hivyo chaga inayoanzia nafasi ya tatu kushoto naimalizia nafasi ya nne kulia, zote zimelala kidogo, na mistari yangu mingi imenyooka kwa hivyo ikikutana na chaga inakatiza tu, doa moja dogo basi. Sikufikiria mbele lakini. Chaga ikilala inataka kuwa ndefu zaidi, kwa upana wa milimita 400 ni kama milimita mbili tu, lakini mbili hizo zilitosha zisifike, na zile nafasi nazo zikabana kwa sababu pleti sasa inaingia kwa upande. Nikarudi Kibuye na fremu kwa bodaboda. Mzee alicheka hadi akaita majirani.

Tulibishana tena juu ya pimamaji. Yeye kila kitu anaweka pimamaji, na kwa geti yuko sawa kabisa, ila leza haijui ardhi iko wapi. Kichwa cha mashine kinatembea kwa reli zake, na sakafu yangu imeinama, mashine nayo imeinama nayo, kwa hivyo chaga zikikubaliana na pimamaji zitakataana na lenzi. Lenzi yangu fokasi yake ni milimita 50.8, ukitoka hapo milimita moja au mbili mwale unanenepa na paspeksi ya milimita tano inaanza kukataa kukatika. Nilichofanya ni kukata kipande cha mbao cha urefu wa ile nafasi kati ya kichwa na kazi, nikakipitisha kona zote nne na katikati, mahali kinabana nashusha skrubu ya kitanda, mahali kinacheza napandisha. Jioni nzima imeisha hapo, na ukiuliza mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni ya grainda.

Na kuna faida ambayo sikuitafuta. Hapa Kisumu unyevu wa ziwa unakunja MDF ya milimita tatu, ukiacha shiti wima mvua ikinyesha wiki moja inarudi imejikunja kama ngozi iliyoanikwa. Kwa sega ya alumini nilikuwa naweka mawe pembeni, kweli mawe. Chaga za chuma zinashika sumaku! Nikaenda kwa jamaa anayetengeneza redio nikapata sumaku za spika zilizokufa. Ya kwanza ilikuwa nene, kichwa cha mashine kikaigonga kikatoa vile vioo vinavyorusha mwale kwa laini, asubuhi nzima naelekeza mwale tena. Sasa natumia zile nyembamba tu na naziweka pembeni kabisa.

Wapo wanaoniambia hiyo ni makorokoro ya juakali kwa mashine ya laki kadhaa. Sawa. Lakini nimeona wenye sega mpya wanavyoishi nayo, anakata akiwa na wasiwasi, anapunguza nguvu ili asiichome, kazi haikatiki, anarudia mara mbili na moshi unazidi. Mimi kitu cha chini nataka kiwe cha kuungua. Chaga ya katikati tayari nimebadilisha mara mbili, ikijaa lami naikwangua na msasa, ikichoka naitupa, pleti iko Kibuye. Kutu nayo inakuja, siku hizi siipigi vita, chuma chenye kutu hakirudishi mwale kama kioo.

Mahali sega inanishinda ni vitu vidogo na karatasi. Kadi za harusi zinabonyea kati ya chaga, na kihola cha funguo cha sentimita tatu kikikatika kinadondoka chini, wakati mwingine kinasimama wima kabla ya kuanguka na kichwa kinakipiga teke. Kwa sasa kila kihola nakiachia vijishikizo viwili vya nusu milimita nakuja kukivunja na kidole. Na nimemwambia mzee anipasulie nafasi nyingine katikati ya zile za kwanza, ziwe kila milimita 20, siku ya vitu vidogo najaza zote, siku ya vibao nachomoa nusu. Amesema nilete fremu Jumamosi, na nisije na bodaboda ile ya juzi kwa sababu ilimkunjia kona moja.