Wanga kidogo kwa mfuko mdogo: kulegeza masharti ni busara au ni kujidanganya?

Anayeamua kupunguza wanga hukutana mapema na kambi mbili. Ya kwanza inasema usivuke gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku, na ukionja kipande cha mkate umebomoa kazi yote. Ya pili inasema bakia chini ya gramu 130 hivi, kula unachokimudu, wala usihesabu kila punje. Mimi niko na kambi ya pili, na sababu yangu kubwa ni pesa. Lakini ya kwanza ina hoja ambazo sisi wapenda nafuu tunazipita mbio.

Mpaka ulio wazi ni rahisi kuulinda. Aliyejiambia "wali sili" hana mjadala na sahani. Aliyejiambia "nitakula kidogo" anajadiliana nayo mchana na usiku, na mara nyingi sahani inashinda. Gramu 100 za wali uliopikwa zina gramu 28 hivi za wanga, na mkono wa kupakua ukizidi kidogo tu, hesabu imeshapanda bila mtu kuona. Isitoshe, masharti makali yanaufikisha mwili mahali ambapo ulegevu haufiki: ini linaanza kutengeneza ketoni, yaani kemikali ambazo mwili huzitumia kama nishati badala ya sukari, kwa wingi kutokana na mafuta, na wapo wanaosema njaa yao hutulia hapo. Lishe ya namna hii, iitwayo keto, ilianza kutumika kutibu kifafa katika miaka ya 1920, na mpaka leo hospitali huisimamia kwa vipimo. Kwa mgonjwa wa aina hiyo sina la kubishana.

Kwa anayetaka kupunguza kilo, mambo ni mengine. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, na tofauti hiyo kitakwimu haina uzito. Wengi huishia hapo wanaposimulia jaribio hili. Kinachonigusa mimi zaidi ni namna kundi la wanga kidogo lilivyoishi. Lilianza kwa kulenga gramu 20 kwa siku, kisha kila mtu akaruhusiwa kuongeza taratibu hadi kiwango ambacho angeweza kukaa nacho. Mwisho wa mwaka wastani wao ulikuwa kwenye gramu 130 hivi. Yaani watu waliosimamiwa kwa karibu, wenye washauri wa lishe, waliishia palepale ambapo kambi ya pili inaanzia.

Tena ile furaha ya wiki ya kwanza, mizani inaposhuka ghafla, sehemu kubwa yake ni maji. Mwili huhifadhi wanga kama glikojeni, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu tatu za maji. Glikojeni ikipungua, maji yanaondoka nayo. Anayeacha mlo kwa sababu wiki ya tatu "haifanyi kazi" anaonewa na hesabu hii.

Sasa pesa. Nafaka hukaa katikati ya sahani za watu wengi kwa sababu ni nishati ya bei nafuu. Ukiondoa gramu 300 za wali uliopikwa umeondoa karibu kalori 390. Ukitaka kuzirudisha zote kwa mayai, ni mayai matano au zaidi, kila siku, kwa mtu mmoja. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo, na wanasingiziwa uvivu kumbe mfuko ndio uliokataa. Kweli, anayepunguza uzito hahitaji kuzirudisha kalori zote. Lakini lazima ale kitu kinachokaa tumboni, la sivyo saa nne usiku atautafuta mkate.

Kitu hicho, kwa maoni yangu, ni jamii ya kunde: maharage, dengu, choroko. Bakuli la gramu 200 za maharage yaliyopikwa lina zaidi ya gramu 40 za wanga, kwa hiyo mlo mkali hauna pa kuliweka. Ila sehemu nzuri ya hizo gramu ni nyuzinyuzi, na bakuli hilohilo linaleta gramu 17 hivi za protini. Ulegevu unaofungua mlango kwa maharage ndio unaouwezesha mlo huu kudumu kwa mtu wa kipato kidogo. Unga maalumu, biskuti za keto na nyama kila mlo si lazima hata kidogo.

Kuna faida nyingine inayowezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wa watu wazima zaidi ya 15,000 nchini Marekani, uliona kwamba wanga ukipunguzwa na nafasi yake ikachukuliwa na vyakula vya wanyama, vifo huongezeka; ikichukuliwa na vya mimea, hupungua. Ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo. Hata hivyo, si habari mbaya kwa mla maharage.

Hatari kubwa ya ulegevu ninaiona kwingine: mtu anaongeza mafuta kama mfuasi wa keto huku wanga amepunguza nusu tu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Huyo hajalegeza mlo, ameunganisha milo miwili. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyousukuma mwili kuitoa, asianze kabla daktari hajapanga upya dozi, kwa sababu sukari inaweza kushuka kwa hatari hata wanga ukipunguzwa kwa kiasi.

Kama ningemshauri mtu leo, angeanza na vinywaji. Soda ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, na kuiacha kunabakisha pesa. Pesa hiyo iende kwenye kitoweo, maana ndicho kitakachoisha haraka: watoto na wengine nyumbani wataendelea na wanga wao kama kawaida, chungu ni kimoja, na aliyepunguza wali atapakua maharage na kabichi mara mbili ya zamani. Mpishi aambiwe mapema, aongeze.