Kukwambia, kukwambia

Jumapili jioni, nyumbani Donholm, mpwa wangu wa kidato cha nne alinisukumia daftari. Alikuwa amejibu swali la ushairi kuhusu beti tatu za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mama anayemuusia bintiye. Mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) nane kila mshororo, hakuna vina vya kati, kina cha kufunga ubeti ni -a. Takriri, yaani neno linalorudiwa: "kukwambia". Yote sahihi. Nikamuuliza, sasa huyu mama anasema nini?

"Anti, si anaitisha ndoo."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. "Ndoo mbee ujilisi / na wino na qaratasi." Kwa mtoto wa Nairobi, ambako maji ya mfereji huja yakipenda, ndoo ni ndoo. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni njoo: njoo mbele, uketi.

Simlaumu. Tumewafundisha kuhesabu silabi kama makanga anavyohesabu vichwa, na hata hesabu yenyewe wanaifanya kwa macho. Chukua mshororo wa kwanza kabisa: "Negema wangu binti." Ukisoma haraka utapata saba, uanze kumshuku Mwana Kupona. Sasa ughani kwa sauti: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Ile n inasimama peke yake na kudai pigo lake, sawa na m ya "mchachefu" katika mshororo unaofuata. Nane kamili, lakini ni sikio linalozipata.

Kwenye ubeti wa tatu alikuwa ameweka alama ya kuuliza: ujilisi, qaratasi, halafu hadithi. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hushiriki kina kimoja, sasa mbona -si, -si, -thi? Mimi sioni cha kugombania. S na th ni majirani mdomoni.

Kilichoniuma ni ile takriri. Neno moja, koloni, akahamia swali jingine. Tazama linapokaa. Ubeti wa pili:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Na wa tatu, baada ya ile ndoo yetu:

moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Neno ni lile lile, mahali ni pale pale, mwisho wa ubeti, penye kina cha -a ambacho utendi mzima, beti zaidi ya mia, hukirudia bila kuyumba. Mara ya kwanza limefungwa na "sikupata". Mara ya pili limefunguliwa na "nimependa". Mwana Kupona alitunga haya mwaka 1858, mgonjwa, akimuusia bintiye. Angetaka neno jingine la kuishia na -a angelikosa? Kiswahili kimejaa vitenzi vya namna hiyo. Nadhani alilirudia kwa sababu ndilo lililokuwa limemkwama kooni.

Na sauti zinamsaidia. -Shika, mwaka, kutamka: k tatu kavu, kama mtu anayekohoa, kisha mdomo unaachama kwenye -bia. Labda hapo nimepitiliza. Nimeghani utendi huu mara nyingi mno kuweza kujihukumu.

Nikamghania beti zote tatu, polepole, huku jirani wa juu akiburuta viti. Mpwa wangu alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole. Kufika "nimependa kukwambia" vidole vilikuwa vimesimama.

"Kwa hivyo mwaka mzima alikuwa amenyamaza?" akauliza.

Nikamwambia asome tena, aone.