Kashata ya karanga: imeganda au imechelewa?

Mama anayepika kashata Ngamiani, hapa Tanga, hatii maji. Anayeyusha sukari kavu mpaka iwe na rangi ya chai ya mkandaa, anatia karanga, anamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, kisha anawahi kukata. Akizubaa kidogo, kisu hakipiti. Vikipoa, vipande vinavunjika ka! Na kifizikia ni kioo kweli: molekuli za sukari zimekwama shaghalabaghala kama zilivyokuwa kwenye uji wake, hazikujipanga kwa safu kuwa fuwele.

Barafu ya wauza samaki ni habari nyingine. Maji yakiganda kwa nyuzi 0, kila gramu hutoa jouli zipatazo 334 za joto fiche, na halijoto haishuki mpaka tone la mwisho limeganda. Kashata haina joto fiche wala mpaka mkali. Uwezo wake wa kubeba joto hupungua ndani ya nyuzi kadhaa, na ukiipoza taratibu zaidi, kiwango chenyewe cha kugeuka kioo kinashuka. Ndiyo maana wengi husema hapa hakuna badiliko la hali ya maada, ni kimiminika kizito mno ambacho sisi hatuna muda wa kukingoja. Kwa yanayoonekana kwenye sinia, nakubaliana nao.

Ila mwaka 1948 mwanakemia Walter Kauzmann alitoa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Kimiminika kilichopozwa bila kuganda hupoteza entropia, yaani kipimo cha mvurugo wa molekuli, upesi kuliko fuwele. Urefushe mchoro wa upungufu huo kuelekea baridi zaidi, utafika mahali kimiminika kilichovurugika kina entropia ndogo kuliko fuwele iliyojipanga, jambo lisiloingia akilini. Mwaka 1958 watafiti Gibbs na DiMarzio wakapendekeza kwamba huko chini limejificha badiliko la kweli la hali ya maada. Wapinzani hujibu kwamba hakuna aliyefika huko, na mstari wa kurefusha si kipimo. Ni kweli. Lakini kwa vimiminika kadhaa, halijoto ambapo hesabu za mnato, yaani ugumu wa kutiririka, zinaashiria kila kitu kingesimama iko jirani na ile ya Kauzmann. Njia mbili tofauti kuelekea mahali pamoja: mimi siiti bahati.

Kauzmann mwenyewe alidhani kimiminika kingewahi kuganda kuwa fuwele kabla ya kufika huko. Wakati wa masika acha kashata wazi: unyevu unaushusha ule ugumu wake, inanata vidoleni, na baada ya siku kadhaa juu yake zinaota chembe za sukari. Molekuli zilizokosa muda kwenye sinia zimeupata.